Maisha ya Dakta Philip Hench, Tabibu wa Viungo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wa gazeti letu alipobandika tangazo kwenye ubao wa bwaloni, akitaka kila mkondo utoe mtu mmoja wa kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, wenzangu wengi walikimbilia wafalme, majemadari na wapigania uhuru. Mimi nilimchagua tabibu wa Kimarekani ambaye labda wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina lake, ingawa dawa aliyoijulisha ulimwengu, pamoja na watoto na wajukuu wa dawa hiyo, imejaa katika maduka ya dawa ya nchi yetu. Sababu ya kumchagua yeye ni bibi yangu mzaa mama, naye ataingia katika habari hii mahali pake. Kwanza nimweleze Dakta.

Philip Showalter Hench alizaliwa tarehe 28 Februari, 1896, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mji uliokuwa maarufu kwa viwanda vya chuma. Alizaliwa na mpasuko katika kaakaa la kinywa, na kwa hiyo matamshi yake hayakunyooka maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kimo kikubwa na sauti kubwa, lakini maneno yalimtoka kwa shida. Mtu wa namna hiyo angaliweza kutafuta kazi ya kukaa kimya, mathalan ya uhasibu au ya maabara. Yeye alichagua kazi ya kuzungumza na wagonjwa kutwa kucha.

Alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo cha Lafayette mwaka wa 1916. Mwaka uliofuata Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, naye akajiandikisha katika kikosi cha matabibu wa jeshi, lakini akaruhusiwa kwanza amalize masomo. Mwaka wa 1920 akatoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh akiwa daktari kamili. Mwaka wa 1921 alikwenda Rochester, mji mdogo katika jimbo la Minnesota lenye baridi kali, kufanya kazi katika hospitali mashuhuri iitwayo Mayo Clinic. Huko ndiko alikokaa mpaka kustaafu. Mwaka wa 1926 alifanywa mkuu wa idara ya magonjwa ya viungo, akiwa na umri wa miaka 30 tu, na mwaka wa 1927 akamwoa Bibi Mary Kahler, wakajaliwa watoto wanne. Baada ya ndoa alikwenda Ujerumani kuongeza elimu katika miji ya Freiburg na Munich.

Hapa yanipasa nisimame kidogo, maana nisipoeleza jambo moja sasa, yote yatakayofuata yatamchanganya msomaji kama yalivyonichanganya mimi.

Sisi husema baridi yabisi, au ugonjwa wa miguu, tukidhani ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Yako magonjwa mengi ya viungo, na mawili ndiyo makubwa. La kwanza ni lile la kuvimba. Katika ugonjwa huo askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, hukosea adui, wakaishambulia ngozi nyororo iliyo ndani ya viungo. Vidole huvimba, huwa vya moto, hupinda, na mgonjwa akiamka asubuhi huwa mkavu kama gogo. Huweza kumpata hata kijana. La pili ni la uchakavu. Kwenye ncha za mifupa, pale inapokutana, pana gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, ambacho kila mla nyama amekwisha kukiona katika mguu wa kuku. Gegedu hilo huliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka mfupa unakaribia kusuguana na mfupa. Hilo huwapata zaidi wazee, hasa magotini, kwenye nyonga na katika vidole vya mikono. Dakta Hench alishughulika zaidi na lile la kwanza. Bibi yangu alikuwa na la pili. Yote niliyokosea yametokana na kutojua tofauti hiyo.

Wakati Hench alipoanza kazi, madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa wa kuvimba viungo huletwa na vijidudu vilivyojificha mahali fulani mwilini. Basi wagonjwa waling'olewa meno na kukatwa mafindofindo, wakarudi nyumbani vibogoyo na viungo vikiuma vilevile. Tena iliaminiwa kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Ukishika umeshika, na kazi ya daktari ni kupunguza makali tu.

Hata tarehe 1 Aprili, 1929, mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 65, ambaye naye alikuwa daktari, alimweleza Hench jambo la ajabu. Alikuwa ameugua viungo miaka kadhaa. Kisha akapatwa na umanjano, yaani nyongo ilizidi katika damu mpaka macho na ngozi vikageuka rangi. (Wasomaji wasichanganye na homa ya manjano iletwayo na mbu, hiyo nayo tutaitaja baadaye.) Siku moja tu baada ya kugeuka rangi, maumivu ya viungo yakaanza kupungua, na kabla ya juma kwisha yakawa yamekwisha kabisa. Mtu ambaye kutembea kulikuwa mateso kwake aliweza kwenda maili nzima bila kuumwa. Umanjano ulikaa majuma manne. Nafuu ya viungo ilikaa miezi saba.

Daktari mwingine angaliitikia kwa adabu akaendelea na kazi zake. Nadhani hata mimi ningefanya hivyo, maana mgonjwa husema mengi. Hench aliandika. Kisha akaanza kuwauliza wagonjwa wengine, mmoja baada ya mmoja, kama wamepata kuugua umanjano na viungo vyao vilikuwaje siku zile. Katika miaka michache akawa na orodha ya watu waliopata nafuu ileile.

Wakati huohuo wanawake walimletea fumbo la pili. Walimweleza kwamba walipokuwa wajawazito, viungo vyao vilitulia, na baada ya kujifungua maumivu yalirudi. Labda wanawake walikuwa wameyasema hayo miaka mingi bila kusikilizwa. Hench aliwasikiliza, akayachunguza, na mwaka wa 1938 akachapisha habari zake. Akakuta pia kwamba wengine hupata nafuu ya muda baada ya kupasuliwa.

Sasa angalieni alivyofikiri, maana hapa ndipo nilipompenda mtu huyu. Kama nafuu ingetokana na nyongo yenyewe, wajawazito wasingaliipata, maana hawana umanjano. Kama ingetokana na homoni za kike peke yake, yule mzee wa umanjano asingaliipata, maana ni mwanamume. Basi lazima pawe na kitu kimoja kilichomo katika miili ya wanaume na wanawake wote, ambacho huongezeka mtu anapopata umanjano, au ujauzito, au anapopasuliwa. Hakukijua ni kitu gani, akakiita X, kama sisi tufanyavyo katika hesabu. Alidhani ni homoni, yaani mmojawapo wa wajumbe ambao tezi za mwili huwatia katika damu ili wapeleke amri sehemu nyingine.

Kukitafuta X kulimchukua karibu miaka 20. Aliwapa wagonjwa nyongo, akawapa chumvi zake, akawatia damu ya watu wenye umanjano na damu ya wajawazito. Hakuna kilichofaa. Alipata kushindwa kwingi kuliko majaribio yote ya maabara yetu ya shule, nasi huvunjika moyo kwa majaribio mawili tu.

Katika hospitali hiyohiyo alikuwapo mkemia mmoja, Edward Kendall, aliyekuwa tayari na jina. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1914 alifanikiwa kuitenga homoni ya tezi ya shingo. Baadaye akageukia tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia, ziitwazo adrenali. Alizipokea tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, akazisaga na kuzichuja, na katika miaka ya 1930 akatoa vitu mbalimbali alivyoviita kwa herufi: A, B, E, F. Huko Uswisi mtu mwingine, Tadeus Reichstein, alikuwa akifanya kazi iyo hiyo bila kujuana naye vema. Mwezi wa Januari, 1941, Hench na Kendall walizungumza, wakakubaliana kwamba siku Kampaundi E itakapopatikana ya kutosha, wataijaribu kwa mgonjwa wa viungo. Hench aliandika jambo hilo katika kijitabu chake cha mfukoni.

Kisha vikaja vita. Hench aliitwa jeshini, akawekwa mkuu wa kituo cha magonjwa ya viungo katika hospitali ya jeshi huko Hot Springs, Arkansas. Kulikuwa na uvumi kwamba marubani wa Kijerumani wanatiwa homoni za adrenali ili waweze kuruka juu sana bila kudhurika. Uvumi huo haukuwa kweli, lakini uliifanya serikali ya Marekani itoe fedha kwa utafiti wa homoni hizo. Yaani uongo mmoja wa vitani ulisaidia kuleta dawa. Mwezi wa Desemba, 1944, Lewis Sarett wa kampuni ya Merck aliitengeneza Kampaundi E kutokana na asidi ya nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, kila hatua ikipunguza mali iliyobaki. Hench alikuwa ameanza na nyongo ya mgonjwa, na nyongo ya ng'ombe ndiyo iliyomletea dawa, ingawa hizo ni njia mbili zisizohusiana. Dawa yenyewe ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Ilipoanza kupatikana, gramu moja ilihesabiwa dola 200.

Mwaka wa 1948, katika majira ya joto ya huko, mwanamke wa miaka 29 aliletwa Rochester, ameugua zaidi ya miaka minne. Kuamka kitandani kulikuwa kazi. Kutembea alikaribia kushindwa. Walijaribu kwanza kumletea umanjano kwa dawa, haikufaa, naye akakataa kurudi nyumbani kabla hajapata nafuu. Ndipo Hench alipoandika barua kuiomba kampuni ile Kampaundi E kidogo. Tarehe 21 Septemba, 1948, katika hospitali ya St. Marys, yeye na wenzake Charles Slocumb na Howard Polley walimpiga mgonjwa yule sindano ya kwanza. Walimpa miligramu 100 kwa siku, kipimo kikubwa kwa homoni. Wangalimpa kidogo zaidi labda wasingaliona lolote, na dunia ingalisema Hench amekosea tena. Siku ya tatu aliamka viungo vimelegea. Haikwisha juma, akatoka kwa miguu yake kwenda mjini kununua vitu, akazunguka madukani muda wa saa tatu.

Siku ya tatu. Nakumbuka niliposoma maneno hayo maktabani nilifunga kitabu. Nitasema kwa nini.

Hench hakukimbilia magazetini. Alingoja miezi saba, akawatibu wagonjwa wengine mpaka wakafika 14, akawapiga picha za sinema kabla na baada. Mwezi wa Aprili, 1949, aliwaonyesha madaktari wenzake. Kwanza walionekana watu wakijikokota kwenye ngazi, wakishindwa kuinuka kitini. Kisha walewale wakipanda ngazi upesi. Habari zikaenea duniani kote. Kwa kuwa watu walichanganya Kampaundi E na vitamini E, wakaenda kununua vitamini bure, Hench na Kendall waliipa jina jipya, kotizoni. Mwezi wa Desemba, 1950, Hench, Kendall na Reichstein walipokea Tuzo ya Nobel ya tiba mjini Stockholm. Yasemekana kwamba Hench aliwagawia wenzake sehemu ya fedha yake, na kwamba mtawa mmoja muuguzi, aliyewatunza wagonjwa wale, aliweza kwenda Roma kwa ajili hiyo. Watu wanaopewa tuzo ni wengi. Wanaomkumbuka muuguzi ni wachache.

Dawa haikukaa ghali muda mrefu. Mwaka wa 1952 wanakemia wa Marekani walijua kutumia ukungu, wa jamii ya ule unaoota juu ya mkate, pamoja na kitu kinachotoka katika viazi vikuu vya mwitu vya Mexico, kutengeneza homoni za namna hii kwa urahisi. Bei ikaanguka. Baada ya hapo zikaja ndugu zake zenye nguvu zaidi, kama predinisoloni na deksamethasoni, vidonge vidogo vya bei nafuu.

Hapo sasa ndipo anapoingia Bibi.

Kwetu ni milimani Usambara. Bibi yangu amelima kwenye mteremko na kubeba kuni na maji tangu utoto wake, na magoti yake yalikwisha zamani. Nilipokuwa likizoni baada ya Kidato cha Pili alikuwa hawezi kufika hata jikoni bila kushika ukuta. Huwa ananiita mume wake, kama mabibi wafanyavyo, na alinitania kwamba mume gani asiyemtafutia mkewe dawa. Basi siku ya gulio, kwa fedha niliyopata kwa kuuza matunda, nilinunua vidonge vya miguu kwa mchuuzi aliyetandaza dawa zake chini juu ya turubai. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vimefungwa katika kikaratasi kisicho na jina. Sikuuliza lolote.

Siku ya tatu Bibi alikwenda mwenyewe kisimani. Juma la pili alicheza katika harusi ya jirani. Nilirudi shuleni nikijiona daktari. Mjomba akaendelea kumnunulia kila gulio.

Mwezi wa Juni nilimkuta amebadilika. Uso ulikuwa wa mviringo kama mwezi, shingo imenenepa nyuma, lakini mikono ilikuwa myembamba na ngozi ina madoa ya damu kila inapoguswa. Majirani walimsifu kwamba wajukuu wanamlisha vema. Mwezi wa Agosti mchuuzi hakutokea magulio mawili mfululizo, vidonge vikaisha. Baada ya siku chache Bibi alianguka jikoni, akitapika, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akafikishwa hospitali. Aliokolewa, lakini kwa shida.

Daktari alimweleza Mama kwamba vile vidonge vilikuwa vya jamii ya kotizoni. Mwili unapoletewa homoni hiyo kutoka nje kila siku, tezi zilizo juu ya figo hulala, kama mpishi wa shule ambaye angeletewa ugali uliokwisha pikwa kila siku mpaka akazima moto na kwenda zake. Siku ugali usipoletwa, jikoni hakuna moto wala mpishi. Ndiyo maana dawa hii haikatwi ghafula; hupunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya daktari, mpaka tezi ziamke.

Hench aliyaona hayo yote mapema. Wagonjwa wake wa mwanzo walipoachishwa dawa ugonjwa uliwarudia, na walioendelea nayo kwa kipimo kikubwa walipata nyuso za mviringo, mifupa dhaifu, vidonda vya tumbo, wengine kuvurugika akili. Tangu taarifa zake za kwanza alisema kwamba kotizoni haiponyi, hutuliza. Ilimsikitisha kuona watu wakiigawa ovyo. Alitafuta X ili aelewe ugonjwa, na dunia ikaipokea X kama njugu za kutafuna. Hata hivyo si haki kuilaumu dawa yenyewe, kwa maana hadi leo jamaa zake huwaokoa wenye pumu, wenye mizio mikali na wagonjwa wengine wengi, inapotumiwa na mtu anayejua.

Je, homoni na uchakavu wa magoti, ugonjwa wa Bibi? Niliuliza jambo hili kwa mwalimu wetu wa Bayolojia, akanielekeza mahali pa kusoma. Wanawake hupata uchakavu wa magoti kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, wakati homoni ya kike iitwayo estrojeni inapopungua sana mwilini. Chembe za gegedu zina vipokezi vya homoni hiyo, kama mlango wenye kitasa chake. Kwa hiyo haikosi kuwa na kazi huko. Lakini wataalamu walipochunguza wanawake waliopewa homoni hiyo, matokeo hayakukubaliana, wala haijawa dawa ya magoti. Uzito wa mwili, majeraha ya zamani na kazi za kupiga magoti na kubeba mizigo vina sehemu yao kubwa.

Na homoni ya Hench? Mwaka wa 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alianza kuchoma ndugu yake kotizoni moja kwa moja ndani ya kiungo, na hata leo madaktari hufanya hivyo kwa goti lililochakaa linapouma sana. Hutuliza kwa majuma kadhaa. Lakini katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka wa 2017, wagonjwa waliochomwa sindano za namna hiyo kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa afadhali. Vidonge nilivyompa Bibi viliyanyamazisha magoti yake bila kuyatengeneza, naye akayatumia kwa kisima na ngoma kama kwamba yamepona.

Nirudi kwa Dakta nimalizie maisha yake. Alipenda sana hadithi za Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza wa vitabuni, akakusanya vitabu vyake vingi ambavyo sasa vimo katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Upelelezi wake mwingine ulihusu homa ya manjano. Mwaka wa 1900, huko Cuba, Walter Reed na wenzake walithibitisha kwamba homa hiyo huletwa na mbu, na baadhi ya watu walijitoa wenyewe waumwe na mbu hao. Hench aliwaandikia barua waliokuwa hai bado, akasafiri mpaka Cuba, akapatafuta na kupapata mahali palipokuwa kambi ya majaribio, ambapo watu walikuwa wamepasahau. Karatasi zake za kazi hiyo zilipewa Chuo Kikuu cha Virginia baada ya kufa kwake. Alistaafu mwaka wa 1957, na tarehe 30 Machi, 1965, alipokuwa mapumzikoni Jamaica, alifariki dunia, mwenye umri wa miaka 69.

Bibi yu hai. Hupunguziwa vidonge kwa kipimo cha hospitali, hutembea kwa fimbo, na kila asubuhi hunyoosha miguu akiwa kitini kama alivyofundishwa, akilalamika kwamba anafanywa askari katika uzee wake. Likizo iliyopita nilimsindikiza kliniki. Daktari alimwuliza ni nani aliyemletea vile vidonge mara ya kwanza. Bibi alijibu upesi kwamba alijinunulia mwenyewe gulioni. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikanyamaza, na Mama alikuwapo.

Gazeti hili hupelekwa kwa wazazi wote mwisho wa muhula, na Mama husoma kila ukurasa.